Jiko la Mlimani Igogo

Mgeni anayefika Mwanza kwa mara ya kwanza hupelekwa ufukweni kuutazama Mwamba wa Bismarck, hupigwa picha, halafu huambiwa kwamba sasa ameliona Jiji la Miamba. Sisi tunaoishi huku tunajua kwamba miamba yenyewe iko juu. Iko Mabatini, iko Isamilo, iko Bugando, iko na kwetu Igogo, na nyumba zimejibanza katikati yake kama vifaranga. Wilaya ya Nyamagana, ambayo tangu Ilemela ipate halmashauri yake mwaka 2012 ndiyo iliyobaki na jina la Jiji la Mwanza, ina tambarare chache na vilima vingi, na akina mama wengi wa jiji hili hupikia watoto wao juu ya mwinuko.

Tumesoma makala nyingi za kupendezesha jiko. Karibu zote huandikwa kana kwamba kila nyumba imekaa kwenye kiwanja kilichonyooka, bomba linatoa maji usiku na mchana, na gari la mchanga linafika mlangoni. Mama msomaji, kama nawe unaishi mlimani, hapana shaka umewahi kuifunga makala ya namna hiyo ukacheka. Hapa tunaeleza tulivyolikarabati jiko letu na mahali petu pa kulia kwa shilingi 1,900,000, mwaka 2024, katika nyumba ambayo hata mfuko mmoja wa saruji hufika ukiwa kichwani mwa mtu.

Ukishuka daladala Igogo, katika Barabara ya Kenyatta iendayo Mkuyuni, Butimba na Nyegezi, ziwa liko upande mmoja na mlima upande wa pili. Gari linaishia hapo. Kuanzia hapo ni ngazi, nyingine za zege, nyingine ni mawe tu yaliyolainishwa na nyayo za miaka mingi. Ukifika kwetu huna budi kusimama kidogo upumue, na ukigeuka utaona maji mpaka macho yachoke, na bandari ya Mwanza Kusini ambako meli ya MV Mwanza iliundwa mpaka ikashushwa majini Februari 2023. Watoto wetu waliitazama ikikua kama watoto wengine wanavyotazama ghorofa la jirani.

Nyumba ilijengwa na baba mkwe katika miaka ya 1970, kwa tofali za kuchoma, katika mtindo uliozoeleka katika miji yetu mingi: sebule mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uani, ambako kuna choo, bafu na jiko. Jiko hilo lilikuwa kibanda cha mabati chenye mafiga na jiko moja la mkaa. Kutoka pale hadi mlango wa nyuma ni hatua saba, na tatu kati yake zinakanyaga mwamba mtupu.

Aprili 2023, masika yakiwa yamepamba moto, binti yetu wa pili aliyekuwa na miaka tisa alikuwa akivuka hatua hizo na sufuria ya uji. Aliteleza. Uji ulimmwagikia mguu wa kushoto kuanzia gotini. Alilala hospitali siku kumi na moja, na kovu analo mpaka leo. Bibi yao, mama yake baba wa nyumba, tunayeishi naye, hakusema neno kwa siku mbili. Siku ya tatu alisema: "Jiko hili limeshamuunguza mmoja. Msingoje wa pili."

Bibi mwenyewe alikuwa na shauri lake na jiko hilo. Kwa zaidi ya miaka arobaini alikuwa ameinama ndani ya moshi wake, na kikohozi chake cha alfajiri tulikuwa tumekizoea kama mlio wa jogoo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliwaua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Mtu akizisoma hesabu hizo gazetini huzipita. Sisi tulizisoma huku tukimsikia mtu akikohoa chumba cha pili.

Safari ya Bujora

Kabla ya kuvunja chochote, Jumamosi moja tulipanda gari na watoto hadi Bujora, Kisesa, kama kilometa 20 hivi kwa barabara ya Musoma. Huko ndiko kuliko na Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Nia yetu ilikuwa kuwatembeza watoto tu, lakini pale kwenye nyumba ya asili ya Kisukuma Bibi alisimama akaanza kufundisha, na hata wageni wengine wakasogea kumsikiliza.

Alieleza kwamba katika kaya ya Kisukuma ya utoto wake hapakuwa na meza ya kulia, lakini mahali pa kulia palikuwapo. Wanaume na vijana walikula shikome, yaani pale penye moto wa jioni nje, na hapo ndipo wazee walipofundisha na kukemea. Wanawake na watoto wadogo walikula jikoni. "Na aliyepika alikula kilichobaki chunguni," alisema. Mmoja wetu alimwuliza kama hilo halikumuumiza. Akafikiri. "Moshi ulikuwa wetu," akajibu, "lakini na hadithi zilikuwa zetu."

Katika gari la kurudi tulilizungumza jibu hilo. Tulihesabu tukaona kwamba kwetu Igogo, miaka ya 2020, mambo hayakuwa yamebadilika sana kuliko tulivyodhani. Baba na wageni walikula sebuleni, sahani zikiwa juu ya stuli. Watoto walikula mbele ya televisheni. Mama na Bibi walikula uani juu ya vigoda, mama akiwa wa mwisho, ugali ukiwa umeshapoa. Hakuna aliyeamuru iwe hivyo. Ni hatua saba zile zilizoamuru, maana aliyeko uani hawezi kujua kilichokwisha sebuleni mpaka aitwe. Kwa hiyo tulipoanza kupanga matumizi ya fedha, swali la kwanza halikuwa rangi wala makabati. Lilikuwa: jiko likae wapi ili anayepika awe miongoni mwa wanaokula?

Fedha zenyewe zilitoka sehemu mbili. Upatu wa akina mama kumi na wawili, wa shilingi 100,000 kila mwezi, ulituletea 1,200,000 zamu yetu ilipofika, na baba wa nyumba akaongeza 700,000. Fundi wa makabati ya kisasa aliyekuja kupima alitaka 1,600,000 kwa makabati peke yake. Tulimpa soda tukamshukuru.

Stoo iliyogeuka jiko

Mwishoni mwa korido kulikuwa na stoo, meta 2 kwa meta 3.5, iliyopakana na sebule kwa ukuta mmoja na uani kwa ukuta mwingine. Ilijaa magunia, baiskeli isiyo na gurudumu na mambo ya aina hiyo. Kila tuliyemwonyesha alisema ni ndogo mno kuwa jiko.

Hapo ilitusaidia habari ya mwanamke mmoja wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, mchoraji wa majengo. Mwaka 1926 alichora jiko kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi katika jiji la Frankfurt, Ujerumani, na majiko ya aina hiyo kama 10,000 yakajengwa. Ukubwa wake ulikuwa meta 1.9 kwa 3.4, pungufu hata ya stoo yetu. Aliigiza majiko ya mabehewa ya treni, akapima hatua za mpishi, akaweka kila kitu mkono unapofika. (Mwenyewe alikuwa akisema wazi kwamba hakuwa mpishi. Pengine ndiyo sababu alipima badala ya kukisia.) Lakini jiko hilo lilikuja kulalamikiwa: lilimtosha mtu mmoja tu, na lilimtenga mama na watoto wake. Kwa hiyo tulichukua kipimo cha mama huyo, tukaiacha milango yake. Ukuta wa kati ya stoo na sebule ungetobolewa dirisha pana la kupitishia chakula, na pembe ya sebule iliyo upande wa pili wa dirisha hilo ingekuwa mahali pa kulia.

Kutoboa ukuta wa nyumba ya zamani si jambo la kumpa kijana mwenye nyundo. Tofali zetu zilijengwa kwa udongo, si kwa saruji, na mbao za paa zimeukalia ukuta huo. Fundi mwashi tuliyempata, mzee wa Mkuyuni, aliingia akamsalimu Bibi kwanza, "Mwangaluka mayu," akaketi, akanywa maji, ndipo akaugonga ukuta kwa kidole kama daktari anavyogonga kifua. Alisema kazi ya kwanza ni kuegemeza paa kwa mirunda pande zote mbili. Kisha alichimba mfereji wa linta upande mmoja wa unene wa ukuta, akalaza nondo za milimita 12, akamwaga zege, akasubiri, halafu ndipo akaugeukia upande wa pili. Dirisha lilikuwa la meta 1.5, lakini linta aliifanya meta 2, ili kila ncha iingie ukutani sentimeta 25.

Baada ya hapo alitukataza kugusa chochote kwa wiki mbili, akatuachia kazi ya kulimwagilia zege maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Zege hupata nguvu polepole. Mwisho wa wiki ya kwanza huwa na kama theluthi mbili tu ya nguvu litakayokuwa nayo baada ya siku 28. Tunalitaja hili kwa sababu tumeona nyumba, tena si mbali na kwetu, ambako ukuta ulivunjwa chini ya linta siku ya tatu, na ufa ukapanda mpaka darini.

Jambo la pili lilikuwa jiwe. Katika pembe ya stoo mwamba umeingia ndani, kimo cha kiuno cha mtu mzima, kwa sababu baba mkwe alijenga kwa kuufuata. Kijana mmoja alijitolea kuupasua kwa njia inayotumika sana hapa Mwanza, yaani kuchoma matairi juu yake mpaka upate joto, kisha kuumwagia maji na kuupiga nyundo. Tulikataa. Moshi wa matairi ni sumu, na mwamba ukipasuka haukuulizi unapasukia upande gani. Msingi wa jirani nao umeukalia mwamba huohuo. Fundi aliupiga lipu pembeni, akaulaza uso wake kwa pima maji, na sasa ndipo unapokaa mtungi wa maji ya kunywa. Maji hukaa ya baridi kama ya kisimani. Meza ya zege ya kukatia mboga inaanzia hapo kwenye jiwe na kwenda mpaka chini ya dirisha la chakula, kimo cha sentimeta 90, bila mlango hata mmoja. Chini yake tumetundika pazia la kitenge.

Gharama za mlima zinastahili kutajwa peke yake. Saruji tulinunua mjini kwa shilingi 19,000 mfuko, mifuko 14. Mpaka iwe imefika mlangoni, kila mfuko ulikuwa umelipiwa ubebaji, na mchanga ndio ulioumiza zaidi, maana ndoo ya mchanga ina uzito uleule iwe unajenga kasri au banda. Kokoto peke yake ndizo hazikupanda, zilishuka. Juu yetu kuna akina mama wanaozigonga kwa nyundo chini ya miavuli chakavu, na walituuzia kwa ndoo. Zege, lipu, sakafu ya niru na ujira wa mafundi vilikula shilingi 1,036,000, yaani zaidi ya nusu ya fedha zote, na mtu akiingia leo haoni hata shilingi moja ya hizo. Anaona pazia.

Maji yanakokwenda

Kuleta maji jikoni hakukutusumbua. Kwetu juu maji ya bomba hayapandi kila saa, basi tulinunua tangi la plastiki la lita 500 tukaliweka juu ya mwamba wa nyuma, ambao ni mrefu kuliko dirisha. Likijaa usiku, mchana maji hushuka yenyewe mpaka kwenye sinki. Mlima unaochosha miguu ndio huohuo unaosukuma maji bure.

Kuyaondoa ndiyo ilikuwa kazi. Katika tambarare mtu huchimba shimo, akajaza mawe, maji ya sinki yakanywewa na ardhi. Juu ya mwamba ardhi hainywi. Maji yote ya kuoshea vyombo ya mlima wetu, tangu nyumba ya juu kabisa, hushuka uani kwa mtu, kisha kwa mwingine, mpaka mtaroni na mwishowe ziwani, tunakoyachota tena. Sisi tulikuwa tukipokea ya waliotangulia kujenga juu, na aliye chini yetu akipokea ya juu na ya kwetu. Sinki lingeyazidisha.

Katika baadhi ya mitaa ya milimani, Igogo ikiwamo, MWAUWASA ililaza mabomba membamba ya majitaka yanayopita katikati ya nyumba, mahali pasipoweza kupita mtaro mkubwa. Bomba la karibu nasi liko nyuma ya nyumba ya jirani wa chini. Ili tuunganishwe, bomba letu lingepita katikati ya uani kwake. Na jirani huyo, mjane wa rika la Bibi, alikuwa hajakanyaga kwetu kwa miaka mingi, ila kwenye misiba.

Tulitaka kumtuma mjumbe wa nyumba kumi. Bibi alikataa. Alichukua sato wawili waliokaushwa, akafunga kanga yake, akashuka ngazi kwa mkongojo, tukamfuata nyuma. Alikaribishwa kigoda. Kimya kikapita.

"Mwenzangu," jirani akasema, "miaka arobaini nafagia maji yako."

"Nami nafagia ya walio juu," Bibi akajibu. "Leo nimekuja tuyazike."

Yule mama aliwatazama wale sato. "Yazikwe. Lakini na ya kwangu yazikwe kaburi hilohilo."

Kumbe naye hakuwa na sinki. Mfereji ukachimbwa mmoja, majiko mawili yakaingia, na gharama ikagawanywa. Sehemu yetu ilikuwa shilingi 130,000. Kuunganisha kwenyewe kulifanywa na mafundi wa mamlaka baada ya maombi. Si kazi ya kufanya kienyeji usiku. Jambo ambalo tunamhimiza kila mama alifanye, hata kama bomba lake linakwenda kwenye shimo tu, ni kuweka chemba ndogo ya matofali chini ya sinki upande wa nje, ili mafuta na mabaki ya ugali yanaswe humo kabla ya bomba. Sisi huisafisha kila Jumamosi. Haipendezi hata kidogo, lakini mafuta ya sangara yakigandia ndani ya bomba jembamba hayatoki kwa maji ya moto wala kwa maombi. Bomba nalo lipewe mteremko usiopungua sentimeta 2.5 kwa kila meta. Huko kwetu mteremko haukuwa wa kutafuta.

Gesi na mkaa

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kwetu gesi ilikuwapo, mtungi mdogo wa kilo 6 uliokuwa ukitolewa mgeni akija. Ulipopata jiko la kukaa ndani ukawa wa kila siku: chai, uji, mboga, samaki. Maharage, makande na ugali wa watu wengi bado hupikwa kwa mkaa nje, na hatuoni haya kulisema, kwa sababu bei ya kujaza mtungi na mfuko wa mama havijapatana kila mwezi. Kile kibanda cha nje hatukukivunja. Tulikitobolea bomba la moshi la bati kwa shilingi 40,000, lililotengenezwa na mafundi wa bati wa mjini, Makoroboi, eneo ambalo hata jina lake linakumbusha vibatari vya bati. Na watoto hawaruhusiwi tena kuvuka mwamba na kitu cha moto. Kinachopikwa nje huletwa na mtu mzima.

Gesi ina tabia yake na yafaa mama aijue kabla ya kuchagua pa kuuweka mtungi. Ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, hutambaa sakafuni kama maji na kujikusanya pembeni, ikingoja kiberiti. Kwa hiyo fundi aliacha matundu mawili chini kabisa ya ukuta wa nje, usawa wa sakafu, yenye wavu wa kuzuia panya. Mtungi husimama wima, haufungiwi kabatini, na mpira wake tunaupaka povu la sabuni kila tukibadilisha mtungi. Povu likichemka pahali, gesi inatoka hapo. Jiko la mkaa haliingii chumba hicho hata kama mvua inanyesha ya mawe. Hewa ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa haina harufu, na watu hulala wasiamke.

Meza

Mbao tulizifuata Kirumba Mwaloni, upande wa Ilemela, ambako mitumbwi hushusha dagaa, ndizi na mbao kutoka visiwani. Kuna paini za shamba la miti la Rubya, Ukerewe, ambazo ni laini na hupata mikwaruzo upesi, lakini bei yake ni ya kibinadamu ukilinganisha na mninga. Seremala alitengeneza meza ya watu wanane, mabenchi mawili na rafu tatu za jikoni, pamoja na kichanja cha kuanikia vyombo cha kukaa juani, vyote kwa shilingi 260,000. Mabenchi badala ya viti ni kwa sababu watoto hubanana, na mgeni akizidi husogezwa tu.

Tulikuwa na wasiwasi kuhusu Bibi. Meza ya kawaida ina kimo cha sentimeta 75, na yeye maisha yake yote amekula akiwa chini. Wiki ya kwanza alikaa kwenye benchi kama mtu aliye kwenye baraza la mahakama, mgongo wima, mikono mapajani. Baada ya hapo aliomba benchi la upande wa ukutani likatwe miguu kidogo ili nyayo zake zifike sakafuni. Likakatwa. Sasa upande mmoja wa meza yetu uko chini kuliko mwingine, na watoto wadogo hugombania kukaa huko na Bibi.

Dirisha la chakula ndilo lililofanya kazi tuliyoitaka, na nyingine ambayo hatukuifikiria. Anayesonga ugali anaiona meza nzima, anasikia nani amepata alama gani hesabu, na anamkemea mchokozi bila kuacha mwiko. Sahani zinapita hapo moja kwa moja, hakuna hatua za kuhesabu. Sala ya chakula sasa husubiri mpaka mpishi atoke akae, nayo imekuwa fupi, kwa kuwa mdogo wa mwisho ndiye aliyejitwalia kazi ya kuisema na njaa yake haina subira. Baba wa nyumba ndiye aliyegundua jingine: chakula kinachopitishwa dirishani kinaonekana na wote kabla hakijagawanywa, hivyo hakuna sahani inayoondoka jikoni ikiwa imebeba kichwa cha sangara kwa siri. Kile kilichokuwa kikibaki chunguni kwa ajili ya mpishi sasa kinafika mezani.

Hadithi za Bibi hazikufia kwenye moshi wa zamani. Jioni anapomenya viazi vya michembe hukaa kwenye benchi lake la chini, mgongo ukutani, na binti yetu mwenye kovu hukaa ng'ambo ya dirisha akiosha vyombo, wakisimuliana kupitia tundu la ukuta. Kikohozi hakijaisha, mapafu ya miaka hiyo yote hayafuliwi kwa miezi michache. Ila kimepungua usiku, na ameacha kulala na kitambaa chini ya mto.

Kuta tulizipaka chokaa kwa shilingi 45,000 na hatuna zaidi ya kusema juu ya hilo. Sinki, tangi na mabomba ya kuleta maji vilichukua 330,000. Katika zile 1,900,000 zilibaki 59,000. Dari la jiko bado halipo, mabati yanaonekana, nalo litangoja zamu nyingine ya upatu. Hizo 59,000 tulinunulia wavu wa madirisha na mlango wa nyuma, kwa sababu anayeishi Mwanza anajua kwamba asubuhi fulani wingu kama la moshi huinuka juu ya ziwa, upepo ukigeuka likaja mlimani, nalo si moshi bali ni wadudu wadogo wa ziwani kwa mamilioni, na sufuria isiyofunikwa huwa nyeusi. Lilipokuja safari hii lilipiga wavu likabaki nje. Jirani wa chini alipanda kuuliza tulinunua wapi.